Pumzi baharini

Wiki nzima kichwa kizito, usingizi hauji. Leo alfajiri nikapanda mashua, sitarajii kuona chochote zaidi ya maji. Nahodha akazima injini. Kimya. Mara "pfuu!", pumzi ya mtu mzima kabisa, ubavuni mwa mashua. Pomboo! Watano, labda saba, nani alikumbuka kuhesabu? Mtoto mmoja kamganda mama yake, wanaibuka pamoja, wanazama pamoja. Hatukuwafukuza wala kuwarushia chakula. Wenyewe ndio walioamua kukaa.

Pomboo si samaki, lazima aje juu kuvuta hewa kwa tundu la utosini. Hata akilala, nusu ya ubongo hulala, nusu hukesha. Mimi wiki hii nimekesha na nusu zote mbili!

Nimerudi nimelowa, nywele zimejaa chumvi. Nikalala mpaka jioni.