Tiger ya Nanyuki, hewa ya Mombasa

Hapa Uingereza, ukiweka F-5 (Tiger II, jeti ya kivita) yenye alama za Kenya kwenye meza ya maonyesho ya ndege za plastiki, haipiti saa moja kabla mzee fulani hajainama, akarekebisha miwani na kuuliza: "Kwani Kenya ina jeti za kivita?" Wala hasemi kwa ubaya, na hapo ndipo panapoudhi. F-5 zilianza kufika kwetu 1978, mwanzo 10 za kiti kimoja na 2 za viti viwili, makao yake Nanyuki. Kabla yake tulikuwa na jeti za Strikemaster tangu 1971, kisha Hunter. Mwaka 2011 F-5 hizo hizo zilipiga kazi Somalia. Jibu lote hilo huwezi kumpa mtu aliyeshika kikombe cha chai, bora ndege yenyewe imjibu, na imjibu ikiwa imeundwa sawasawa.

Vijana wa Kisauni na Likoni mnaouliza kama kazi hii yawezekana huko: yawezekana, ila maelezo ya ndani ya boksi yaliandikwa na mtu asiyejua kusi wala kaskazi.

F-5E ya kweli ina urefu wa mita 14.45, kwa hiyo kwa kipimo cha 1/48 inatoka sentimita 30, kwa 1/72 sentimita 20. Ile kubwa ya kampuni ya AFV Club ni nzuri mno, lakini geuza bei yake kuwa shilingi kwanza, ukumbuke na kodi ya chumba. Anza na ndogo.

Vipande vioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu ya mafuta. Kukitoa kipande kwenye fremu yake, kata mara mbili, kwanza mbali nacho, kisha karibu. Ukikata kwa mkupuo mmoja plastiki huvutika ikaacha kovu jeupe. Msasa wa maji namba 400 kisha 800 watosha, na wa dukani Mwembe Tayari ndio huu huu wanaotuuzia hapa ukiwa umekatwa vijipande na kutiwa kwenye mfuko wa kupendeza.

Wengi hushindwa kwenye uzito wa pua. Usipoijaza pua, F-5 hukaa kitako. Kabla ya gundi, shikanisha bodi, mabawa na mkia kwa selotepu, laza ndege juu ya penseli pale miguu mikubwa itakapokaa, kisha ongeza chubwi puani mpaka iiname mbele yenyewe. Halafu zidisha kidogo, kwani mabomba ya moshi ya nyuma bado hujayatia. Chubwi za wavuvi zafaa kabisa (nawa mikono, ni madini ya risasi), ila zishike kwa epoksi ya tyubu mbili, kamwe si gundi nyeupe ya mbao. Gundi ile hutoa asidi inayokula risasi. Risasi huota unga mweupe, hufura, na baada ya miaka pua hupasuka kwenye mshono, rangi na yote. Gundi nyeupe kazi yake ni kwenye kioo cha rubani tu. Pale supa-gluu haifai: hukazwa na unyevu wa hewa, na mvuke wake hutua kiooni ukakiacha na ukungu usiofutika.

Sasa rangi. Thina inapokauka hupoza uso wa plastiki, unyevu wa hewani ukatua juu yake, na vanishi iliyokuwa safi ikageuka chokaa. Kwa hiyo msipulize kwa brashi ya hewa (kalamu ya kupulizia rangi) asubuhi, msipulize baada ya mvua, na mwezi wa tano fanyeni kazi ya gundi na msasa tu. Januari na Februari, kuanzia adhuhuri hadi alasiri, ndio wakati wenu. Kompresa ya friji yafaa, lakini bila chujio la maji kwenye mpira itatema matone katikati ya bawa. Akriliki izimue iwe kama maziwa, presha 15 hadi 20 psi, na tia matone ya dawa ya kuchelewesha kukauka, la sivyo joto litaigandisha kwenye ncha ya sindano ya brashi hiyo.

Msidhani huku ni raha. Januari saa kumi na moja jioni ni giza, dirisha halifunguki kwa baridi, zulia ni la mwenye nyumba na harufu ya thina ni barua ya onyo. Anayetaka kuja akidhani atapata wakati wa mambo ayapendayo, apige hesabu kwanza: kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, umeme, kisha zamu za usiku zinazolipa hayo yote.

Alama za Kenya ni nadra kuzikuta ndani ya boksi. Chapeni wenyewe kwenye karatasi ya stika za maji. Printa ya wino haichapi nyeupe, na bendera yetu ina mistari myeupe, kwa hiyo nunueni karatasi yenye utando mweupe, kisha alama mzikate kwa ukaribu. Wino upulizieni vanishi kabla ya kulowesha, ama utatiririka. Saiba yenye printa ya leza ni afadhali, mradi karatasi iwe ya leza, maana ya wino yaweza kuyeyuka ndani ya mashine ya watu. Bandikeni juu ya vanishi inayong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini na stika humeta fedha.

Mkimwagiza mtu wa huku, rangi na thina za kuwaka msimtwike: ndegeni haziruhusiwi. Alete seti, karatasi za stika na sindano za brashi ya hewa. Risiti aihifadhi, kwani VAT ya asilimia 16, ikitozwa, hufuata thamani, na bila risiti thamani hupangwa na afisa wa forodha aliyeko dirishani, akitazama picha ya jeti juu ya boksi.