Tumerudi salama kutoka Zambia

Haya watu wangu nshafika Mombasa, mgongo si wangu tena lakini Mungu ni mwema. Kundi letu la misheni tulikua Nakonde, ule mji wa Zambia ulioshikana na Tunduma ya Tanzania, sasa kurudi ni basi tu maana kwa tiketi za ndege za watu wote wale kanisa lingeuza hadi viti 😂

Mbeya, Makambako, Iringa, sawa. Shughuli ni Kitonga jamani, mteremko na makona, malori ya shaba yanashuka polepole mbele yenu na upande mmoja ni bonde tupu, kwaya yote ikanyamaza, hata wale vijana wabishi wakawa wanaomba kimoyomoyo. Afu Mikumi barabara inakata katikati ya mbuga, twiga tumewaona dirishani bila kiingilio. Chalinze, Segera, Tanga, Horohoro, mpaka Lunga Lunga (kadi ya homa ya manjano weka karibu).

Kilichonimaliza ni Likoni. Yaani umevuka nchi nzima huko, kwenu unakuona pale ng'ambo, na bado unangoja feri!

Mamangu kaniekea mahamri na mbaazi za nazi. Nshima (ugali wao) na kapenta (dagaa) za kule ni tamu sikatai, lakini nazi, wenzangu, nazi!

Mnaouliza picha ngojeni simu ipate chaji. Ushuhuda ni jumapili ibada ya pili, ya kwanza ntakua nimelala.