Ukienda kwa mkulima wa kahawa, uliza "kilo za nini?"

Ripoti nyingi za miradi ya kahawa huharibikia shambani, kabla hata ya mtu kufungua kompyuta. Mgeni anauliza, "Msimu uliopita mlipata kilo ngapi?" Mkulima anajibu, "Mia tano." Namba inaandikwa daftarini, na hakuna aliyeuliza ni kilo za nini. Kahawa hupimwa ikiwa matunda mabivu, hupimwa ikiwa imekauka na ganda lake la ndani, na hupimwa tena ikishakobolewa. Kwa arabika, aina mojawapo ya kahawa, iliyomenywa na kuoshwa, kilo 100 za matunda mabivu hutoa takriban kilo 20 za kahawa kavu yenye ganda, nazo zikikobolewa hubaki kilo 16 hivi. Ile "mia tano" basi inaweza kuwa kilo 80 za kahawa iliyokobolewa, au 400, au 500 kamili. Ikikaangwa inapungua tena kwa asilimia 15 hadi 20. Anayelinganisha bei ya kilo ya matunda na bei ya pakiti dukani bila kupitia hesabu hii atamvunja mkulima moyo kwa namba isiyo sahihi.

Wengi hupima kwa ndoo, si kwa kilo. Omba ndoo yenyewe ijazwe matunda, ipimwe kwenye mizani mbele ya watu, kisha ndipo uandike.

Usiridhike na mavuno ya mwaka mmoja. Arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, kwa hiyo mti uliobeba sana mwaka huu unakuwa na nguvu kidogo ya kukuza matawi, na mwakani unapumzika. Mradi ukichukua mwaka mbaya kuwa mwaka wa kuanzia, mwaka unaofuata utajisifu kwa kazi iliyofanywa na mti. Uliza miaka mitatu. Ukubwa wa shamba nao uhakikishe kwa kuhesabu mashina: mibuni iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 inafika 1,600 kwa hekta. Ukikuta 600, ama kuna mazao mengine katikati, ama kuna mapengo, na ushauri wa hali hizo mbili haufanani hata kidogo.

Ukiwa shambani pindua majani ya chini. Unga wa rangi ya machungwa upande wa nyuma ni ugonjwa wa kutu ya majani. Mti uliopukutisha majani mwaka huu utazaa kidogo mwakani. Matunda mabichi yenye madoa meusi yaliyobonyea yanaweza kuwa na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na katundu kadogo kwenye kitovu cha tunda ni dalili ya mdudu anayetoboa na kuishi ndani ya mbegu.

Wakati wa mavuno usiitishe kikao asubuhi, kwani hizo ni saa za kuchuma. Njoo alasiri, matunda yanapochambuliwa na kumenywa. Yanapaswa kumenywa siku ileile, maana yakilala kwenye gunia hupata joto na kuanza kuchacha. Tazama kwanza kama yanatumbukizwa kwenye maji: yanayoelea yana mbegu pungufu au zilizotobolewa, na hutengwa.

Kisha nenda kwenye lundo la maganda, kwa sababu ndilo linaloeleza hali ya mashine ya kumenyea kuliko mtu yeyote. Chota konzi mbili. Ukikuta mbegu nzima ndani ya maganda, nafasi kati ya silinda na bamba ni pana mno. Upande wa pili, kwenye mbegu zilizotoka, ukiona zilizokatwa au kuchubuka, nafasi imebana kupita kiasi, au matunda mabichi yamechanganywa na mabivu. Mbegu iliyojeruhiwa hubadilika rangi na kuharibu ladha, na hakuna uanikaji utakaoiponya. Mara nyingi dawa ni spana na dakika chache za kurekebisha, si mashine mpya. Wafadhili hupenda kununua mashine.

Kwenye tangi la kuvundikia, ambako utelezi unaozunguka mbegu huachiliwa, muda hutegemea baridi ya mahali: saa 12 sehemu yenye joto, hata 36 au zaidi nyanda za juu. Chomeka kijiti ukichomoe. Shimo likibaki wazi, utelezi umeachia na kahawa ioshwe. Ikichelewa huwa na uchachu, na mbegu chache za jana zilizosahaulika kwenye kona ya tangi zinatosha kunukisha mzigo mzima.

Kwenye vichanja vya kuanikia, tabaka la kahawa lisizidi sentimita 4, ligeuzwe mara kwa mara, lifunikwe jua likiwa kali na usiku. Lengo ni unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Juu ya hapo ukungu huingia ghalani.

Hapo kwenye vichanja ndipo pa kukaa muda mrefu. Mara nyingi wanaochambua na kugeuza ni wanawake, huku kadi ya ushirika na akaunti vikiwa na jina la mume. Uliza nani anachuma, nani anapokea malipo, na umuulize kila mmoja peke yake.

Kama unachukua alama za ramani kwa ajili ya sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 kuhusu ukataji misitu, shamba la hekta 4 au chini linahitaji nukta moja tu. Kubwa zaidi huzungukwa mipaka yote. Tarehe inayohesabiwa ni 31 Desemba 2020: msitu uliofyekwa baada ya hapo unaizuia kahawa hiyo kuuzwa huko. Mweleze mkulima hayo kabla ya kuwasha simu, si baada, na umwachie nakala ya taarifa zake. Ni za kwake.

Na ukitoka nchi moja ya kahawa kwenda nyingine, fua nguo zote na usugue viatu. Vumbi la kutu ya majani husafiri kwenye shati bila kuonekana.