Sauti ya nyanya ndani ya jango

Juzi Jumapili nilikuwa naosha vyombo, binti yangu yuko mezani na simu yake, video zinapita moja baada ya nyingine, mara nikasikia kunguru. Si kunguru wa hapa London. Ni kunguru wa Mombasa, yule mwenye shingo ya kijivu, ana mlio wake wa kukwaruza huwezi ukamkosea, na kabla ya huyo kunguru kulikuwa na mwanamke mzee anasema "Mjukuu wangu, usipotee ndia," halafu ngoma zikamiminika kama mtu amemwaga gunia la vyuma ngazini. Nikaachilia sahani ndani ya maji. Binti akainua uso, "Baba, huyu bibi mbona anaongea kama watu wa kwenu? Amesema ndia."

Nikamwambia huyo ni nyanya yangu.

Video ilikuwa inauza viatu.

Nilipotoka Mombasa nilikaa kwa shangazi, fleti ya ghorofa ya nane huko Hackney, mashariki mwa London, na kila Alhamisi alikuwa akichoma ubani mpaka majirani wakazoea. Jirani wa mlango wa pili alikuwa kijana rika langu, wazazi wake Wajamaika, na chumba chake ndo kilikuwa studio. Kitanda, kompyuta ya Atari, mashine ya Akai ya kunasia sauti, spika mbili kubwa za marehemu babake ambaye zamani alikuwa na sound system, yaani disko la kuhamahama la Kijamaika, basi, hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Usiku tunasikiliza Kool FM, redio ya magendo iliyokuwa ikirusha kutoka juu ya maghorofa yetu ya Hackney, wakati wowote watu wa serikali wanaweza kupanda juu wakang'oa antena na kesho yake vijana wanaweka nyingine. Huo ndo mziki tulioupata sisi. Waingereza waliuita jungle, jango, mziki wa msitu, ngoma za Wamarekani weusi zilizoharakishwa mpaka mguu haujui ufuate nini, na chini yake besi nzito ya Kijamaika inayotembea polepole kama mzee anaenda msikitini. Unachagua mwenyewe ufuate ipi. Kwa mtoto aliyetoka Kibokoni, mtaa wa Mombasa, akajikuta kwenye ile baridi, mziki wenye mwendo mbili kwa wakati mmoja ulikuwa unanieleza mimi kabisa, sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Mwaka wenyewe ni 1994. Wanaokumbuka wanajua 1994 ilikuwaje. Kiangazi kile kila gari inayopita na dirisha wazi ni jango, Incredible ya M-Beat na General Levy ikapanda mpaka namba 8 kwenye chati ya Uingereza, na mwaka huohuo Bunge lao likapitisha sheria ya kuwapa polisi nguvu ya kuvunja sherehe za wazi, na ndani ya sheria, kwa maandishi, mziki wenyewe ukaelezwa kuwa ni mfululizo wa midundo inayojirudia. Serikali nzima imekaa ikaandika sheria juu ya mdundo! Sisi tulijiona wakubwa.

Nyanya alikuwa hajui kuandika kwa herufi za kizungu, aliandika kwa herufi za Kiarabu na mimi hizo nilikuwa nasoma kwa taabu, kwa hivo barua zake zilikuwa kaseti. Mjomba anabonyeza redio kaseti barazani, nyanya anaongea nusu saa, kaseti anapewa mtu anayesafiri. Ndani yake kuna kila kitu, muadhini, mlango unagongwa, mtu anaulizwa kama samaki amepatikana, na kunguru, wale kunguru hawakunyamaza hata siku moja. Mimi nilikuwa nasikiliza usiku na vipokea sauti masikioni ili shangazi asinione nalia.

Sasa jirani akaja siku moja akanikuta nasikiliza, akachukua upande mmoja wa vipokea sauti. Hakuelewa neno. Akasema rudisha, hapo, rudisha tena. Tukaingia kwake tukaunganisha kaseti na Akai. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, kila sekunde unaihesabu kama hela ya nauli. Ngoma kutoka kwenye sahani ya santuri ulikuwa unaiingiza kwa mizunguko 45 kwa dakika badala ya 33 ili iwe fupi, halafu ukishaiingiza unaishusha mwendo ndani ya mashine. Nyanya hatukutaka kumharakisha. Tukampa sekunde zake nne alivyo, maneno yale manne na kunguru, na ili apate nafasi tukapunguza ngoma.

Sasa hapa ndo nataka kukaa kidogo.

Zamani hizo wimbo hauendi kwa dijei ukiwa kwenye kaseti. Unaenda kukatwa kwenye dabupleti, sahani moja tu, ya aluminiamu iliyopakwa laka nyeusi, mila tuliyorithi kwa watu wa rege na sound system zao. Ukiicheza mara hamsini hivi inaanza kuchoka, inatoa mchanga, yaani sauti inakwaruza, kwa hivo dijei mwenye dabupleti ana kitu ambacho wewe huna na kesho kutwa hata yeye hatakuwa nacho. Watu wote walienda Music House, kaskazini mwa London. Tulienda Ijumaa, siku ya foleni, manake madijei wote wanataka silaha mpya za wikendi. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kupanga mboga soko la Ridley Road, mshahara wangu wa wikendi mbili ulikuwa mfukoni kwa ajili ya sahani hiyo moja. Tukakaa kwenye ngazi masaa matatu. Waliokaa mbele yetu sauti zao nilikuwa nazisikia redioni, sasa naona wana viatu vya kawaida, wanakula chips, mmoja anasinzia.

Zamu yetu ikafika. Chumba kidogo, harufu yake kali kama rangi ya kucha. Fundi akachukua kaseti yetu ya dijitali bila kutuangalia, akaweka sahani mpya juu ya mashine, nyeusi, inang'aa, unajiona uso. Sindano ya kukatia inateremka. Pale inapogusa panachomoka uzi mwembamba mweusi, mwembamba kuliko nywele, na kuna kimpira kinaunyonya ule uzi usije ukajisokota chini ya sindano. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule uzi. Nikawaza, kile kinachotolewa kwenye sahani ili sauti ikae ndo kile pale, kinaenda kwenye mfuko wa taka.

Fundi alikuwa anaijaribu kwanza kabla ya kukata yenyewe, spika zote wazi. Na nyanya akaongea. Ndani ya chumba kile, kwa spika zile, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia maishani, nilisikia mpaka mate kinywani mwake na ile pumzi anayovuta kabla ya "ndia". Watu ngazini wakanyamaza. Yule aliyekuwa akisinzia akaingiza kichwa mlangoni. Fundi akasimamisha.

"Nani huyu?"

"Nyanya yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko. Yuko Mombasa."

"Anasema nini?"

Nikamwambia anasema nisipotee njia. Akakaa kimya kidogo, halafu akanyoosha mkono akapunguza besi ya mwanzo, ile tuliyokesha siku tatu kuitengeneza, akapunguza sana. Jirani akataka kusema kitu. Fundi akasema, "Tusimfunike mama." Kisha akateremsha sindano na nikauona ule uzi mweusi unatoka huku nyanya anaongea, yaani sauti ya nyanya inachimbwa mbele ya macho yangu, na alipokwisha akanipa ile sahani mimi, si jirani, mimi, ina uvuguvugu kama mkate. Kwenye basi niliipakata. Jirani alikuwa anapiga mdundo kwenye kioo cha basi na vidole na mimi sikusema neno mpaka Hackney.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Dijei mmoja akaupiga redioni, watu wakapiga simu, tukachapisha sahani 500 zenye lebo nyeupe bila jina tukawa tunazungusha madukani kwa begi. Lebo moja ndogo, yaani kampuni ya kutoa mziki, ikatuita mkahawani. Karatasi tatu, pauni 600, haki zote, dunia nzima, muda wote. Jirani akasaini, mimi nikasaini chini yake. Tulikuwa na miaka 18. Hakuna aliyetushikia bastola na ile chai walilipa wao.

Halafu dunia ikageuka. 1995 msanii wa jango Goldie akatoa Timeless ikaingia kumi bora za albamu, BBC Radio 1 wakaanzisha kipindi cha jango, wakati redio zetu bado zinang'olewa antena. Jina nalo likabadilika. Kumbi nyingi zilikuwa hazitaki kusikia jango, magazeti yameshaandika madawa na fujo, sasa ikawa ni dramu na besi, na hili nitalisema hadi nife, ngoma ni zilezile ila jina la kwanza lilikuwa na harufu ya fleti zetu. 1997 Roni Size na wenzake wa Bristol wakashinda tuzo ya Mercury kwa mziki huohuo, niliruka nikapiga kelele nyumbani peke yangu, manake wale walistahili kabisa, na mwaka huohuo David Bowie mwenyewe akatoa albamu yenye midundo yetu. Matangazo ya magari, michezo ya kompyuta, kila mahali. 2012 DJ Fresh na Rita Ora wakafika namba moja kwa mziki huu, 2024 Chase & Status na Stormzy wakafika tena. Binti yangu anampenda Nia Archives, msichana anayetengeneza jango mwenyewe na kuimba mwenyewe, nikimsikia nafurahi kweli. Na hata nikisikia singeli ya Dar, vipande vya taarabu vimekatwa vikaharakishwa, nawajua wale vijana bila kuwaona. Ile lebo ndogo ikanunuliwa na kubwa, na kubwa ikanunuliwa na kubwa zaidi, na nyanya akiwa ndani.

Binti alikasirika kwa niaba yangu. Akasema walikuibia, tuwaandikie, tutafute loya. Nikamwonyesha kitu. Ngoma zile, nikamwambia, unajua ni za nani? Ni za Gregory Coleman, mpiga ngoma wa The Winstons wa Washington, alizipiga 1969 kwenye wimbo wa upande wa pili wa sahani, Amen, Brother, sekunde kama sita anapiga peke yake wenzake wamenyamaza. Hizo sekunde sita ndo karibu jango yote. Coleman hakulipwa kitu. Alikufa 2006 Atlanta, hana nyumba. Kiongozi wao Richard Spencer hakujua hata kama zinatumika mpaka 1996 mtu wa lebo ya Uingereza alipompigia simu kutafuta kanda yenyewe. 2015 watu wa huku wakachanga pauni 24,000 wakampa Spencer, Coleman tayari yuko kaburini. Mimi nilichanga pauni ishirini. Nilikaa nikaitazama ile ishirini kwenye skrini kabla sijabonyeza.

Binti akauliza, "Na nyanya yako alijua?"

Nyanya alifariki 1996. Kabla ya hapo niliongea naye kwa simu mara nyingi, nilikuwa nanunua zile kadi, na kila mara niliogopa. Nyanya alikuwa mtu wa uradi na tasbihi. Nitamwambia vipi kwamba sauti yake inapigwa saa tisa usiku watu wamelewa wanapiga miluzi, wanamtaka dijei airudishe mwanzo? Na walikuwa wanairudisha, hasa kwa ajili yake yeye. Nilishuhudia kwa macho yangu mara moja, ukumbi mzima kimya, mamia ya watu wasiojua Kiswahili wanamngoja bibi wa Kibokoni amalize sentensi yake. Nilitaka sana ajue hilo. Na nilitaka asijue kamwe. Wale wa lebo angalau waliniletea karatasi.

Kaseti yenyewe ninayo, kwenye boksi la viatu pamoja na pasipoti za zamani. Tulitafuta redio kaseti, jirani mpya wa chini anayo, tukaisikiliza yote sisi wawili sakafuni. Binti hajawahi kumsikia nyanya zaidi ya zile sekunde nne. Kumbe baada ya kunguru anaendelea, nilikuwa nimesahau, anauliza kama nakula, anasema sweta zile za shangazi ni nyepesi, anamwambia mjomba haya zima betri zisiishe, mjomba anasema bado, na nyanya anacheka. Binti akatoa simu, akaiweka karibu na spika, anataka kuinasa yote isije ikapotea, manake ule ukanda umeshaanza kutoa mchanga.

Nikaufunika mkono wake. Nikamwambia ngoja kwanza.

Hiyo ni juzi. Bado anangoja, na redio ya watu inatakiwa kurudi Jumamosi.