Kidole changu mlangoni

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, na tangu Januari hatuna daftari la kusaini. Unaweka kidole kwenye kimashine, kinalia "ti", mlango unafunguka. Kila mlango una chake, hadi stoo ya karatasi. Mkurugenzi aliwatembeza wageni kama mtu aliyenunua gari.

Mimi ni karani wa utawala, kwa hiyo ripoti ya mahudhurio naichapisha mimi. Mwezi wa tatu niliambiwa niibandike ubaoni ili wachelewaji waone haya. Nikaibandika bila kuisoma. Kumbe ilionyesha kila mlango, kila dakika. Mwenzangu wa uhasibu, aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi, alikuwa akiingia stoo mara tatu kwa siku, dakika ishirini ishirini. Alikuwa anamkamulia mtoto maziwa. (Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Chetu ndicho hicho, katikati ya maboksi.) Wanaume wakaanza kupiga hesabu. Mmoja akauliza kwa sauti kama mshahara siku hizi unalipia maziwa. Dada wa watu alifunga kompyuta, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Niliibandua, lakini picha ilishafika kwenye grupu la WhatsApp.

Usiku huo ndipo niliposoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo nilikuwa naijua kwa jina tu. Alama za vidole zimo katika data nyeti, pamoja na habari za afya na familia. Na data uliyoichukua kwa kazi moja huwezi kuigeuzia kazi nyingine isiyolingana nayo. Sisi tulitoa vidole ili mlango ufunguke.

Asubuhi nikampigia fundi wa Kondele aliyefunga mitambo. Neno la siri ni lipi?

"Lile lile la kiwandani, madam. Wengi hawabadilishi."

Yaani mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi yetu angeweza kujaribu. Ndani tukakuta vidole vya watu wanne walioacha kazi, mmoja aliondoka kwa ugomvi, na mlango ungali unamtambua. Neno la siri likiibwa utaweka jingine. Kidole je?

Mkurugenzi aliponisikia aliuliza, "Kwani mnaficha nini?" Nikamwambia nimchapishie ripoti yake, niibandike ubaoni. Alicheka kidogo, kisha akaniambia nifunge mlango.

Tulikubaliana nusu. Vidole vimebaki mlango mkubwa tu, walioondoka wamefutwa, neno la siri limebadilishwa, na ripoti ina saa ya kuingia na kutoka basi, inaonwa na msimamizi peke yake. Mimi nilitaka kadi kila mahali. Alikataa, eti kadi huazimana. Stoo imewekewa komeo la kawaida.

Mwenzangu ananisalimia tena. Chai bado anakunywa peke yake.