Kupanua jiko la nyumba ya zamani

Mchoro wa jiko letu jipya umeanza kueleweka, na nina furaha kweli. Nyumba ya zamani ina masharti yake. Ukuta wa nyuma umebeba paa, kwa hiyo fundi hagusi tofali mpaka mhandisi apige hesabu ya boriti ya chuma. Sinki linabaki karibu na bomba la zamani, maana maji machafu yanataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita, na sakafu yetu haina kina cha kulipeleka mbali.

Kinachonikosesha usingizi ni mwanga. Ukijenga mbele ya dirisha, chumba cha kati kinabaki giza mchana kutwa! Mimi niko tayari kupoteza makabati ya juu ili tupate dirisha la paa.

Tumechora kila kitu sakafuni kwa chaki: mita 1.2 kati ya meza mbili, watu wapishane, na friji karibu na mlango ili watoto wasimpitie mpishi.

Bado stoo. Mama anaitaka kwenye mlango wa nje, mimi karibu na friji. Mliopanua, mliiweka wapi?