Polisi kapata kwake

Ijumaa, usiku.

Polisi, mbwa niliyemlea kwa muda nikimtafutia kwake, aliondoka Jumapili kwenda kwa Mwalimu, kiti cha nyuma cha gari la jirani yake Mwalimu, pua imebandikwa kwenye kioo, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kupanda. Tangu siku hiyo nimemwaga chakula cha mbwa mara mbili. Mkono unapika wenyewe.

Jina hilo sikumpa mimi. Nilimkuta nalo kwenye ploti moja huku Rongai. Wapangaji walihama, wakafungua mpaka balbu, yeye wakamwacha kizimbani. Mlinzi aliyekuwa akimtupia ugali ndiye aliyemwita Polisi. Miezi mitano nimekuwa nikiliita jina hilo langoni jioni, na nimeona vijana wa bodaboda wasio na helmeti wakigeuza pikipiki mbio.

Ni German Shepherd, au tuseme robo tatu yake. Kwenye sikio moja tu nilitoa kupe 60, kisha nikaacha kuhesabu. Daktari wa mifugo alimchanja kichaa cha mbwa, akamhasi, akanipa kadi. Hayo yalikuwa mepesi. Kilichonikosesha usingizi ni hatua nne. Kizimba chake kilikuwa na urefu wa hatua nne, na hata nilipompa uwanja mzima aliendelea vilevile kando ya ua: hatua nne, anageuka, hatua nne, anageuka. Nyasi zikafa pale, ukabaki mstari wa udongo mtupu.

Halafu watoto wa dada yangu wakaja. Hakubweka hata kidogo. Alianza kuwazunguka kwa mbali, kichwa chini, huyu anamsukuma kwa bega, yule anamkata njia, mpaka wote wanne wakabanana kwenye tangi la maji wakicheka. Wote ila kitinda mimba, ambaye alibanwa kisigino kwa meno akaangua kilio. Ngozi haikuchubuka, lakini usiku ule niliandika kwenye daftari: nyumba yenye watoto wadogo, hapana.

Waliomtaka walikuwa 11. Swali la kwanza la 9 kati yao lilikuwa moja: anauma? Kuna aliyetaka wa kulinda hadiwea, afungiwe mchana, afunguliwe usiku. Yaani kizimba kingine, chenye mabati mapya. Kuna vijana wawili waliooana juzi, wapole, wamekuja na mpira wa kumchezea, ila wanakaa fleti ghorofa ya nne na wote wawili wanatoka alfajiri. Hao niliwakatalia kwa uchungu. Mtu mbaya ukimnyima mbwa unalala vizuri. Mtu mwema ukimnyima unajiona wewe ndiye mbaya. Na mimi mwenyewe, kabla hamjauliza, ninatoka nyumbani saa kumi na mbili na kurudi giza limeingia. Kwa kipimo nilichowapimia, nami nilikuwa nimeshindwa.

Nikajipa hekima. Huku kwetu mbwa wa boma kazi yake ni kupiga kelele fisi akisogea. Kuchunga ni kwa watu. Lakini aina hii ilitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya kondoo. Mwaka 1899 afisa wa jeshi, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa aliyempa jina Horand, akamwandika wa kwanza kwenye daftari la ukoo huo. Wazee wake Polisi walishinda wakitembea kwenye mpaka kati ya kondoo na mazao ya watu, mashamba yasiyo na ua, wao ndio ua. Niliposoma hayo nikautazama ule mstari wangu wa udongo, nikasema basi, dawa ni kondoo.

Nikampeleka Kinangop kwa mfugaji mmoja. Kondoo walipomwona wakakimbia, naye akakimbia, na kabla sijamaliza kuita alikuwa amemdaka mmoja mguu wa nyuma. Nililipia nyuzi tano za kumshona kondoo. Mwenye kondoo hakukasirika hata.

"Mama, huyu si mchungaji. Huyu ni mgeni aliyeona kondoo."

Mbwa wa kazi hufunzwa tangu mdogo, tena polepole. Isitoshe shamba lote lilikuwa na seng'enge. Hata mpaka wa kutembea hakuna. Tulirudi kimya, mimi na yeye, na baridi ya Kinangop kwenye mifupa.

Mwalimu alitumwa na daktari. Mstaafu, ng'ombe wawili, upande wa Kiserian. Hakumgusa mbwa. Alipindua jerikeni, akaketi, akatazama kama dakika ishirini.

"Anahesabu," akasema.

Nikamweleza habari za kizimba. Akanyamaza kidogo.

"Na mvua ikinyesha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia hata ikinyesha haachi.

Mwalimu hupeleka maziwa barabarani asubuhi na jioni, kwa miguu, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, mvua au jua. Alikuja Jumamosi tatu mfululizo kutembea naye tu. Ya kwanza Polisi alikuwa akigeuka kila baada ya muda, kamba inamnyonga. Ya tatu nilisimama langoni nikihesabu. Nne, tano, sita. Mpaka wakapotea kwenye kona ya kiosk.

Nilikuwa na karatasi ya makubaliano: chanjo kila mwaka, asifungiwe, na ikishindikana arudi kwangu, asipewe mtu mwingine. Mwalimu alisahihisha tahajia mahali pawili ndipo akatia sahihi.

Leo jioni kapiga simu. Nikaruka, nikajua tayari, kamuuma mtu.

"Binti yangu, huyu mbwa wako ana shida moja. Nikisimama njiani kusalimiana na mtu ananisukuma mashavu ya miguu mpaka niende. Siku hizi nafika na maziwa lori halijaja, na habari ya mtaa sina hata moja."